Mwizi Aliyeziba Pengo

Taarifa iliyofika kituoni Jumamosi asubuhi ilikuwa fupi na ya kutisha: nyumba ya daktari wa meno imeingiliwa, na ndani ya spika yake imekutwa risasi mpya.

Konstebo wa kaunta hakuuliza zaidi. Aliandika neno risasi kwa herufi kubwa, akalipigia mstari chini, akaenda mbio hadi kwenye meza ya mpelelezi ambaye kituo kizima kilimwita Mama Kwanini. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata baada ya kumuuliza mtuhumiwa mmoja "kwa nini" mfululizo, kwa upole, bila kupumzika, mpaka yule bwana akachoka, akakiri na makosa ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaripoti.

Mama Kwanini akachukua glavu, mifuko ya vielelezo na tochi, akaiacha chai yake ikifuka moshi mezani.

Aliyemfungulia mlango alikuwa daktari mwenyewe, mwanamume mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia vinywa vya watu. Aliongoza njia koridoni polepole, kama anayempeleka mgeni kumjulia hali mgonjwa mahututi. Chumba cha mwisho kilikuwa cha kusikilizia muziki. Kilikuwa na zulia zito, pazia zito, na meza ndefu ya kazi iliyoinuka karibu kufika kifuani, imejaa bisibisi na nyaya. Mbele kabisa, zimesimama kama mabwana harusi wawili wanaosubiri kupigwa picha, kulikuwa na spika mbili za mbao, zimesuguliwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake.

"Nimezijenga kwa mikono yangu," daktari akasema. "Kila kipande."

"Risasi iko wapi?"

Akafungua kifuniko cha nyuma cha spika ya kushoto, akamulika ndani kwa kile kitochi chake cha kumulikia magego. Nukta mbili ndogo za rangi ya fedha ziling'aa kwenye ncha za waya.

Mama Kwanini akatazama. Akasogea, akatazama tena.

"Daktari, hii ni risasi ya kulehemu waya."

"Ndiyo hiyo. Ya kwangu imeshafifia, imekuwa ya kijivu. Hii inang'aa. Mtu ameingia humu akalehemu."

"Unajua kituoni wameandika nini?"

Daktari akaziangalia glavu za mpelelezi, akaiangalia mifuko ya vielelezo, na taratibu akaelewa. Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. Lakini haukulegea kwa muda mrefu.

Mwingine angevua glavu akarudi kwenye chai yake. Mama Kwanini alizivua, lakini hakuondoka.

"Kimeibiwa nini?"

"Hakuna."

"Kimevunjwa nini?"

"Hakuna."

"Hizi waya zilikuwa zimeunganishwa namna nyingine?"

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Afande. Nyekundu ilikuwa hapa, na iko hapa. Nyeusi ilikuwa hapa, na iko hapa. Mtu amezifungua, halafu akazirudisha vilevile zilivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Ningejua nisingewaita."

Jibu hilo lilimpendeza. Mwizi anayechukua kitu anaeleweka. Anayeharibu naye anaeleweka, ana kinyongo chake. Lakini mtu wa kufungua na kurudisha alikuwa anatafuta kitu, na Mama Kwanini hakuwahi kumwacha mtu wa namna hiyo hivi hivi.

Akamwomba daktari amweleze mitambo yake kama anavyomweleza mgonjwa. Daktari akaeleza vizuri kuliko alivyotegemea. Kila spika ilikuwa na sanduku kubwa chini, lenye wufa ya sauti nene, na juu yake kijisanduku kinachojitegemea, chenye twita ya sauti nyembamba. Kati yao kulikuwa na krosova, kibao chenye koili na vikopo vyake, kinachogawa kazi: sauti nene nenda kwa wufa, nyembamba nenda kwa twita.

"Shida ni pale wanapopokezana," daktari akasema. "Hapo wote wawili wanasikika kwa pamoja. Sauti zao zisipofika sikioni sawasawa, zinauana. Ni kama watu wawili wanaobeba meza, mmoja anavuta huku, mwenzake kule. Jasho linawatoka wote, lakini meza haiendi popote."

"Na zako zilikuwa zinafika sawasawa?"

Daktari akawasha kompyuta. Akaonyesha mstari uliopimwa miezi ya nyuma, umelala tuli kama maji ya kwenye beseni. Kisha akaiwasha spika ya kushoto. Ukatoka mlio ulioanza chini kama ngurumo, ukapanda, ukapanda, mpaka ukaishia kama mluzi wa mbu. Maikrofoni iliyokuwa kwenye stendi ndefu kando ya meza ya kazi ikausikiliza, na kwenye kioo ukachoreka mstari mpya. Katikati yake kulikuwa na shimo.

"Pengo," daktari akasema kwa uchungu. "Kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele. Kesho nina wageni wa kuja kusikiliza."

Mama Kwanini alikuwa ameshaacha kutazama kompyuta. Alikuwa ameinama nyuma ya spika, shavu karibu liguse mbao. Nyuma ya kile kijisanduku cha juu kulikuwa na ukanda wa mbao safi, upana wa vidole vitatu, na pembeni yake vumbi jembamba. Akaenda kwenye spika ya kulia. Vumbi lilikuwa limezunguka kijisanduku pande zote, halijaguswa.

"Kimesogezwa mbele," akasema. "Na ni cha upande mmoja tu. Mtu wako hakumaliza kazi. Aliharakishwa. Mlango huu unafungwa?"

"Unafungwa. Ufunguo unaning'inia jikoni, nyuma ya mlango."

"Na mchana nani yuko nyumbani?"

"Mama yangu tu. Mke wangu anafundisha, mimi niko kliniki. Lakini Mama msimsumbue bure, Afande. Masikio yamechoka. Wiki ijayo nampeleka kwa daktari wa masikio. Hata gari lipite sebuleni hatasikia."

"Mjini hapa nani anaweza kufanya kazi hii?"

"Watatu. Mimi, Besi, na..." Akakatisha. "Wawili."

"Nimesikia watatu."

"Mambo ya nyumbani hayo, hayahusiani. Mtu wako ni Besi. Alhamisi jirani alimwona akipita kwenye uchochoro wetu wa nyuma na begi, anatembea kwa kunyata. Miaka yote tunashindana kwa spika. Nataka nijue kwa nini amenifanyia hivi."

Besi alikuwa muuza matairi, na jina lake lilieleweka kabla hujamfikia. Kutoka mwanzo wa mtaa Mama Kwanini alisikia kitu kikidunda tumboni mwake, na alipofika gereji, matairi yaliyopangwa ukutani yalikuwa yanatetemeka kwa mpigo mmoja. Katikati ya gereji, spika mbili zenye ukubwa wa kabati la nguo. Kando yao, mtu mnene, amefumba macho kwa raha.

"Zima," mpelelezi akasema.

"Nini?"

"Zima."

Besi akazima, akabaki ameweka mkono juu ya spika kama anayetuliza ng'ombe.

"Alhamisi ulipita nyuma ya nyumba ya daktari. Umebeba begi. Kulikuwa na nini?"

Besi akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Akamsogelea na kushusha sauti.

"Afande, hili likitoka nje, mimi nahama mji."

"Inategemea ni nini."

Akavuta boksi dogo chini ya rundo la matairi, akalifungua kwa aibu kama anayeonyesha barua ya mchumba. Ndani, zimelala kwenye pamba, zilikuwa twita mbili mpya.

"Nimeapa mbele ya watu, tena mbele ya daktari mwenyewe, kwamba twita ni kwa ajili ya wanaoogopa besi. Sasa mke wangu anasema kila mwimbaji kwangu anasikika kama yuko kisimani. Nikaenda kununua. Nikapita nyuma ili daktari asinione."

Mama Kwanini akajitahidi asicheke, akashindwa. Twita zilikuwa bado na karatasi juu yake, miguu ya waya haijaguswa na lehemu. Mtu ambaye ndiyo kwanza ananunua twita hawezi kuwa ameingia kwa mwenzake kusogeza twita kwa vidole vitatu kamili.

Simu yake ikaita. Alikuwa konstebo wa kaunta. "Mama, mkuu anauliza, ni risasi ya bunduki gani?"

"Mwambie bado naipima," akasema, akakata. Kisha akamgeukia Besi. "Nisaidie kitu kimoja. Mtu anafungua waya za twita, halafu anazirudisha vilevile. Kwa nini?"

Uso wa Besi ukang'aa. Inaonekana alikuwa anatamani mtu wa kumwonyesha alichojifunza.

"Huyo hakuharibu, huyo alikuwa anapima. Nimeelekezwa jana tu na muuzaji. Unazigeuza waya za twita makusudi, nyekundu mahali pa nyeusi. Sasa twita na wufa wanavutana. Unawapa mlio mmoja, ule wa pale wanapopokezana. Mahali ambapo sauti zao zinafika sawasawa, zinauana kabisa. Unasikia kimya. Ukipata kimya, umepata mahali penyewe. Halafu unarudisha waya, na mahali pale pale sauti zinakuwa nzima kuliko kote."

"Mahali penyewe pa nini?"

"Pa kukaa, Afande. Pa huyo unayemtengenezea."

 Mama Kwanini akamshukuru, na akamwahidi kwamba habari za zile twita zitaishia palepale gerejini.

Aliporudi alimkuta daktari akizunguka chumbani. Akamwambia azigeuze waya za twita ya kushoto na awashe mlio mmoja tu, ule wa kwenye pengo. Daktari akafungua mdomo kuuliza.

"Leo kuuliza ni kazi yangu," Mama Kwanini akasema. "Wewe lehemu."

Mlio ukaanza, mwembamba, usiopanda wala kushuka. Mpelelezi akasimama kando ya meza ya kazi, ilipokuwa stendi ya maikrofoni. Ulikuwa unasikika wazi. Akatembea hadi katikati ya chumba. Bado. Akainama kidogo, ukafifia. Akanyooka, ukarudi. Basi akaanza kuzunguka chumba amekunja magoti, shingo upande, mkono mmoja hewani, na daktari akamtazama bila kujua kama huu ni upelelezi au ni mgongo umemshika.

Karibu na dirisha kulikuwa na kiti kifupi cha mbao, miguu yake imekatwa ili miguu ya mwenye kiti ifike chini. Mama Kwanini akakikaribia, mlio ukawa uzi. Akakaa.

Kimya.

Spika ilikuwa bado inawaka, taa yake nyekundu aliiona. Akainua kichwa kidogo, mlio ukamgusa sikio. Akakirudisha, ukapotea tena.

"Daktari, hiki ni kiti cha nani?"

"Cha Mama. Jioni anapenda kukaa hapo, basi tu, awe na sisi."

"Awe na ninyi," Mama Kwanini akarudia, akasimama.

Bibi alikuwa jikoni, mwanamke mdogo kama ndege, anakunja nguo zilizokauka. Alikuwa opereta wa simu miaka yake yote ya kazi, enzi za kuunganisha watu kwa kuchomeka waya ubaoni, na mpaka leo alikaa wima kama bado amevaa kisikilizio kichwani. Mama Kwanini akamwamkia, akaitikiwa, akachukua shuka na kuanza kumsaidia kukunja.

"Mama, umeishi hapa siku nyingi?"

"Tangu mzee wangu afariki."

"Wanakulisha vizuri?" Safari hii mpelelezi alishusha sauti kidogo.

"Mkwe wangu ni mpishi. Ila chumvi anaionea huruma."

"Na usingizi?" Akashusha tena.

"Ninalala. Mwanangu anakoroma chumba cha pili, lakini nimezoea. Na bomba la bafuni linadondoka, nimemwambia, hataki kusadiki."

Mama Kwanini akageuka kuelekea kabatini, akampa bibi mgongo, na kwa sauti ambayo haikuzidi mkwaruzo wa shuka akauliza:

"Mgeni wako wa juzi hukumpa hata chai?"

"Alikataa, alisema mikono yake ina..." Bibi akanyamaza. Shuka likabaki hewani.

Walitazamana. Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na akacheka mpaka akalazimika kukaa.

"Umeninasa, mwanangu. Umeninasa kabisa."

"Masikio yako hayana shida."

"Hayajawahi kuwa na shida. Nimeunganisha watu nchi nzima, nilimjua mtu kwa kikohozi chake kabla hajasema jina. Lakini nikikaa kwenye kile kiti, kinachotoka kwenye mitambo ya mwanangu ni mtu anayesoma habari hana hata jino moja. Nikamwambia, mtangazaji wako kibogoyo. Akacheka, akasema, Mama, ni masikio. Basi." Akalaza shuka mapajani na kulinyoosha kwa kiganja. "Wakaanza kunipigia kelele. Halafu wakapunguza kuniambia mambo. Ukishaonekana husikii, watu wanakubania maneno. Wanakubakishia njoo ule, nenda kalale. Mimi mtu wa kuongea nilikuwa nimeanza kufungasha nguo zangu, niende kwa mwanangu mwingine."

"Na aliyeingia Alhamisi ni nani?"

"Opereta hatoi siri za laini."

Alisema hivyo kwa heshima zote, na Mama Kwanini akaona kwamba hapa hata "kwa nini" zote za dunia zisingefua dafu. Hazikuhitajika. Mke wa daktari, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sokoni mkononi, na uso wake ulionyesha alikuwa hapo muda wa kutosha.

"Alhamisi nilirudi mapema, mitihani ilikwisha," akasema taratibu. "Mama alinipokea getini. Akanishika mkono, akataka nimfundishe simu yake palepale juani. Simu ambayo anaijua kuliko mimi. Nikasikia mlango wa nyuma ukijifunga. Nikadhani ni upepo." Akaweka kikapu chini. "Afande, ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni fundi mitambo kituo cha redio. Spika hizi walianza kuzijenga pamoja. Siku moja mbele ya wageni alimwambia mwenzake: wewe unapima umesimama, nyumba hii nani anasikiliza amesimama? Mume wangu akaona ameaibishwa. Hawajasemeshana tangu hapo. Ila kila mmoja ananiuliza pembeni kama mwenzake anakula vizuri."

Mama Kwanini akamgeukia bibi. "Siri za laini sizitaki. Niunganishie tu."

Bibi akachukua simu, akabonyeza bila kutafuta jina, na kwa sauti ya zamani, safi, ya kazini, akasema: "Tafadhali subiri, unaongea na polisi."

Kaka mkubwa akafika jua likiwa bado juu. Alikuwa mfupi na wa mviringo, tofauti kabisa na mdogo wake, begi la vifaa begani. Hakuzungusha maneno.

"Afande, ni mimi. Kama kuna kosa, liandikwe langu."

"Umeingia nyumbani kwangu kama mwizi," daktari akasema.

"Nimeingia kwa mama yangu. Alinipigia, akanifungulia."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ulinionyesha mlango."

Hapo wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja, na Mama Kwanini akaona kwamba maelezo ya daktari kuhusu wabeba meza yalikuwa sahihi kabisa.

"Aliyefunguliwa mlango na mtu wa nyumba si mvamizi," akasema, akawakata wote. "Lakini shauri halijaisha. Daktari, kaa kwenye kile kiti."

"Nikae?"

"Kaa."

Daktari akajikunja kwenye kile kiti kifupi, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mke wake akaangalia pembeni, akajibana asicheke. Kaka mkubwa akarudisha waya za spika ya kushoto mahali pake. Mama Kwanini akaomba redio, iwake spika ya kulia kwanza, ile ambayo haikuguswa.

Mwanamke alikuwa anasoma habari. Sauti ilikuwa nzuri, nene, yenye joto, na maneno yake yalikuwa uji mtupu. Kila s ilikuwa imezama, kila t na kila k. Daktari akakunja uso, akainamisha kichwa mbele kama wanavyofanya wasiosikia.

"Sasa ya kushoto."

Mwanamke yule yule akaingia chumbani. Kila neno lilikuwa na ncha yake, hata pumzi aliyovuta kabla ya kutaja majina ya wachezaji ilisikika.

"Rudia," daktari akasema. Wakarudia. Kulia, kushoto. "Tena." Mara ya tatu alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Mimi huwa nasimama," akasema nyuma ya viganja vyake. "Kutwa nzima nasimama, na nikirudi nasikiliza nimesimama pale mezani. Maikrofoni niliiweka kwenye urefu wangu. Nilipima kila kitu."

"Ulipima vizuri," kaka yake akasema, bila kujitapa. "Ulijitengenezea wewe."

"Mji mzima naziba mapengo ya watu."

Akainuka. Akamwendea mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga magoti ili nyuso zao zilingane, jambo ambalo labda alikuwa hajalifanya tangu akiwa shule ya msingi.

"Mama, nisamehe. Nilisema ni masikio yako."

"Nimekusamehe," bibi akasema. "Lakini usinipigie kelele, niko hapa hapa."

Daktari akagundua kwamba kweli alikuwa anapiga kelele. Akafungua mdomo kuomba msamaha wa kelele, akaomba kwa kelele vilevile, na hapo kaka yake akaangua kicheko. Daktari akamtazama. Kisha na yeye akacheka, bado yuko magotini, na mke wake ambaye alijibana muda wote akaachia.

Hakuna aliyesema neno kupatana. Kaka mkubwa alifungua tu begi lake, akatoa mkebe wa lehemu, na bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma. Daktari akaweka bisibisi kwenye ule mkono. Wakaihamia spika ya kulia. Waya za twita zikageuzwa, mlio ukawashwa, na bibi akakalishwa kwenye kiti chake kama mkaguzi, mikono mapajani, macho kayafumba.

Daktari akasogeza kijisanduku mbele kidogo.

"Bado," bibi akasema.

"Umezidisha," kaka mkubwa akanong'ona.

"Sijazidisha, nimesogeza upana wa ukucha."

"Ukucha wako ni mrefu."

"Bado," bibi akasema. "Acheni kugombana, mnanichafulia laini."

Kijisanduku kikasogea tena. Na tena, kwa kupumuliwa tu. Mama Kwanini, aliyekuwa ameegemea ukuta akijua kwamba kazi yake hapa imekwisha na hana sababu ya kubaki, alijikuta amebana pumzi.

Bibi akainua mkono.

"Imepotea," akasema polepole. "Imepotea yote."

Ndugu wawili wakapeana mikono kwa furaha ya kimya kile, halafu wakakumbuka kwamba mikono yao imejaa uchafu wa risasi, wakaachiana haraka. Waya zikarudishwa. Mke wa daktari akaleta viti kutoka sebuleni, akampangia mume wake kimoja kando ya mama yake, akamwonyesha kwa kidole. Daktari akakaa bila kubisha. Mpelelezi naye akasukumiwa kiti, na kikombe cha chai ambacho safari hii alikusudia kukimaliza.

Redioni habari zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na kipindi cha vichekesho, mzee mmoja anasimulia alivyompeleka mbuzi wake kwa fundi cherehani. Alikuwa anasimulia kwa haraka, anameza maneno, anashusha sauti kila anapokaribia pa kuchekesha, kama wafanyavyo wajuzi. Mke wa daktari hakuwa anaitazama redio. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kumwona akisubiri, macho yakizunguka kwenye nyuso za watu, mpaka wote wacheke ndipo na yeye atabasamu.

Mzee wa redioni akashusha sauti, akasema neno moja la mwisho.

Wanaume wawili walikuwa bado wanalitafakari. Mama Kwanini alikuwa na kikombe mdomoni. Bibi alikuwa ameshacheka, kichwa nyuma, mkono kifuani, wa kwanza kabisa, na wengine wakabaki wanamgeukia ili awaeleze wamepitwa na nini.